CD Moja Tu

Gati alinipigia simu Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini nasahihisha madaftari. Hakuanza na shikamoo kama kawaida yake. Alisema tu, "Mwalimu, mama ametutoka." Nilimpa pole, nikamuuliza maziko ni lini, nikamuuliza kama amekula chochote, maana mfiwa huulizwa hivyo hata kama jibu halimsaidii mtu. Nilipoweka simu mezani, mwalimu mwenzangu aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikatafuta neno, sikulipata. Mama mwenye nyumba? Nilipanga chumba chake mwaka mmoja na siku chache, zamani, kule Tarime, na kodi nililipa kama wapangaji wote. Sasa mtu anamliliaje mama mwenye nyumba kwa kwikwi, mbele ya viranja wawili walioleta madaftari? Lakini ndivyo nilivyolia, na viranja wakatoka kwa kunyata.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na ajira mpya. Nilitoka Kondoa, kwenye jua, nikapangiwa shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Tarime, kwenye baridi na mvua ya kila alasiri. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Nilikasirikia matope yaliyonivua kiatu siku ya kwanza kazini. Nilikasirikia sweta nililolazimika kununua. Niliwakasirikia watu waliosalimiana kwa sauti kubwa nikadhani wanagombana, na nilipokimbilia dirishani kuona ugomvi nikawakuta wameshikana mikono wanacheka. Barua ya kuomba uhamisho niliiandika kabla sijamaliza kufungua begi. Chumba nilichopata kilikuwa Nyamisangura, nyumbani kwa Mama Gati, chumba cha pembeni kilichopakana na sebule. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta uliishia njiani, juu yake ni mbao na bati, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilipita juu ya ukuta kikaja kunikuta kitandani. Nao wenyewe, nadhani, walinisikia nikinung'unika.

Mama Gati alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye mashine ya kufuma masweta ya shule. Ile mashine aliiweka sebuleni, chini ya kalenda, na mkono wake ulipita juu yake kushoto kulia, kushoto kulia, chaka-chaka, tangu asubuhi hadi giza linaingia. Mumewe alikuwa dereva huko Mugumu, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Gati, binti yao wa mwisho, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Sikumwomba anilishe, na yeye hakuniuliza kama nataka kulishwa. Jioni ya kwanza aligonga mlango akasema, "Mwalimu, chakula," kama vile tulikuwa tumekubaliana tangu zamani. Ugali wa muhogo na mtama, mweusi, na mboga ya mgagani iliyolazwa kwenye maziwa. Nikaonja, nikakunja uso. Akaniangalia. "Mgagani haubembelezwi," akasema. "Unakula mpaka unakuzoea." Wiki ya pili nikagundua jambo ambalo hakulitaja hata siku moja: kila alipotaka kuchinja kuku, alimbeba mzimamzima hadi kwa muuza nyama mmoja Mwislamu karibu na stendi, akachinjwe kule, halafu akarudi naye kwenye mvua. Nililigundua kwa kuwa muuza nyama mwenyewe aliniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa kuku.

Sasa laptop. Niliileta kutoka Dodoma, ya mtumba, nzito, kifuniko kimechubuka, na niliipenda kuliko watu wengi. Ilikuwa polepole, imejaa pomoni. Ukitaka kuingiza kitu kimoja sharti ufute kingine. Nami wakati ule raha yangu ilikuwa tamthilia. Walimu wenzangu walikuwa nazo kwenye flashi, msimu baada ya msimu, na mimi nilikuwa natazama sehemu nne, nafuta, naingiza nne nyingine, kama mtu anayekunywa maji kwa kijiko. Nilishapanga: mshahara wa mwezi wa nne nitaongeza hard disk, ile ya kuhifadhia. Nilikuwa nimeshampata hata fundi, Matiko, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale stendi, mwanamume wa makamo aliyejifunza kazi Migori, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kikarudi na harufu ya huko. Aliniambia hiyo kazi ni ya nusu saa.

Jioni moja tukiwa tunakula, Mama Gati akaniuliza bila kuniangalia, "Hiyo kompyuta yako, mwalimu, inacheza CD?" Nikasema inacheza, kwani ina sehemu yake hapa ubavuni. Akanawa mikono, akaingia chumbani kwake, akakaa huko muda mrefu kwa mtu anayechukua kitu kimoja. Alirudi na kitambaa cha kitenge kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na CD kwenye kasha lake, na juu ya kasha picha ya bibi kizee mwenye kilemba cheupe, maandishi ya dhahabu yamemzunguka kama ya kadi ya harusi. "Ni mama yangu," akasema. "Ni msiba wake." Sikuelewa. Nikauliza, "Msiba mmeuchukua video?" Kwetu maiti anaswaliwa, anabebwa, anazikwa, nani akumbuke kamera? Mama Gati akanishangaa na yeye. "Sasa watu wa mbali wataonaje?"

Nikaitia ile CD. Laptop ikaguna. Ikaguna tena, ikazungusha, ikasita, ikazungusha, halafu kile kisahani kikachomoka chenyewe kwa mlio, tak. Nikairudisha. Ikaitema. Mara ya tatu Mama Gati aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Basi, mwalimu. Iache," akasema. "Labda hataki." Akaifunga tena CD kwenye kitenge, fundo lilelile, na akaanza kutoa vyombo. Mimi nikabaki nimeduwaa na laptop yangu mapajani, nikijiuliza nani hataki nini. Nilidhani anasema juu ya laptop.

Kwa muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimezoea kulisikia jina Bhoke likipita juu ya ukuta. Mama Gati akiongea na simu kwa Kikurya, sauti ya chini, mashine imenyamaza, na katikati ya maneno nisiyoyajua linatokea: Bhoke. Nilishajitungia kwamba Bhoke ni mtu aliyekufa, au aliyefungwa, kwa jinsi lilivyotamkwa. Siku mbili baada ya ile CD kukataa nikamuuliza. Alikuwa anafuma mkono wa sweta la kijani. "Bhoke ni mimi," akasema. "Wewe unalijua la mtoto wangu tu." Mkono wake ukaendelea, kushoto kulia. Nami nilikuwa nimeishi na mtu miezi mitatu, nimekula chakula chake, bila kujua anaitwa nani. Niliona haya hadi masikioni.

Akanisimulia bila kuiacha mashine, na huenda mashine ndiyo iliyomwezesha. Kwao ni upande wa Kenya, mwendo mfupi tu kutoka Sirari. Yeye ndiye mtoto wa kwanza kati ya watano, na anayemfuata ni Marwa, kaka yao aliyebaki na boma la wazazi. Mwaka uliotangulia yeye alikuwa hospitali, amepasuliwa tumbo, ana siku ya nne, wakati mama yake alipofariki. Daktari alimkataza kabisa kutoka. Aliwaomba wamsubiri wiki moja. Marwa akasema maiti haisubiri mtu anayesubiri kupona, wakazika Jumamosi. Alipoweza kutembea akaenda, akakuta udongo umeshatulia. Na jikoni, wifi yake, mke wa Marwa, akamwambia kwa sauti ya huruma ile inayoumiza kuliko tusi: "Walipowaita watoto kutia udongo, wewe hawakukuita." Kwao hilo si dogo. Watoto huitwa kwa majina, mmoja mmoja, kwa kipaza sauti, mbele ya ukoo, na asiyekuwapo anaitwa vilevile, mtu mwingine anamtilia. Kutoitwa ni kuambiwa huyu mama hakukuzaa. Mama Gati hakuuliza zaidi. Alirudi Tarime siku ileile na hakuwa amevuka tena mpaka. Baada ya miezi, bodaboda mmoja wa Sirari akaleta bahasha, ndani yake CD, hakuna barua. "Wifi anaweza kuwa alisema uongo," akaniambia. "Anaweza kuwa alisema kweli. Jibu limo humo. Nikajitia moyo mwezi baada ya mwezi. Siku niliyothubutu, mama mwenyewe akafunga mlango." Ndipo nikaelewa nani hataki. Ile mashine yangu mbovu, iliyoshindwa kusoma kwa uchakavu wake, ilikuwa imemwambia mwanamke mzima kwamba mama yake amemkataa.

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza habari za kioo kidogo kinachosoma, vumbi, umri wa chombo. Alinisikiliza kwa adabu, kama mnavyomsikiliza mtoto anayekariri shairi. Nikamwambia basi tuwaombe majirani, deki za kuchezea CD zipo nyumba nyingi. Ya kwake mwenyewe ilikuwa chini ya runinga, imekufa, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akakataa. Nikamwambia Matiko anaweza kuihamishia kwenye flashi dakika chache tu. Hapo akaacha kufuma. "Pale stendi? Watu wananunua vocha, wanamwangalia mama yangu ndani ya jeneza, halafu wananisikia mimi nisipotajwa?"

Jumamosi nikaenda kwa Matiko na laptop chini ya kwapa. Akaifungua, akaipuliza, akaiangalia ile sehemu ya CD kwa tochi ya simu kama daktari wa koo. "Mwalimu, hii imekufa," akasema. "Na hata isingekufa, hiyo ni ya zamani, inasoma CD za nyimbo, za video inachagua." Nikamuuliza kama inabadilishika. "Inabadilishika. Naweza kuagiza Migori, kuna jamaa ana laptop zimevunjwa, atanitolea moja. Lakini swali si kama inabadilishika. Swali ni ya nini." Akanieleza kwa subira, na kila alichosema kilikuwa sahihi, hilo ndilo lililoniudhi. CD zinakwisha. Watu wote wako kwenye flashi. Laptop zinazokuja hazina kabisa hiyo sehemu. Hicho kitu kinakula betri, kinaongeza uzito, kina mota ambayo itakufa tena. "Ile nafasi yake," akasema, akipapasa ubavu wa laptop, "ndiyo nzuri. Tunaichomoa hiyo maiti, tunaweka kifremu, tunachomeka hard disk ya pili mulemule. Unapata nafasi mara tatu. Tamthilia zote." Alikuwa amenijua. Nikamuuliza kama haiwezekani kuweka vyote. Akacheka. "Mwalimu, nafasi ni moja. Ni hard disk au ni CD. Unazo CD ngapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Akafunga laptop taratibu, akanirudishia. "Nenda ukafikiri," akasema.

Nilifikiri wiki tatu, na sijivunii. Pesa niliyokuwa nayo ilitosha jambo moja, na jambo lenyewe nililitamani tangu Januari. Nilijiambia mengi. Kwamba msiba si wangu. Kwamba mimi nitaondoka, barua ya uhamisho iko mezani kwa mtu. Kwamba pengine wifi alisema kweli, na nitakuwa nimenunua kwa mshahara wangu siku ya kumuumiza mama wa watu. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito, na mpaka leo nikiliangalia naona halikuwa kisingizio chote. Usiponunua chombo, hajui. Na asiyejua anaweza kuendelea kufuma. Nilikuwa nalala huku naisikia mashine upande wa pili wa ukuta, chaka-chaka, halafu inanyamaza, na katika ule unyamavu nilijua anachowaza kama kwamba ananiambia. Kisha inaanza tena. Nikavuta blanketi hadi usoni nikajifanya sijasikia kitu.

Kilichonifanya niamue ni beseni. Nilitoka shule mapema siku hiyo, wanafunzi walikuwa na michezo, nikapita uani. Mama Gati alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya vuguvugu, sabuni ya unga imetoa povu, na mikononi ana ile CD. Anaiosha. Anaisugua kwa ncha za vidole, upande huu, upande huu, taratibu, jinsi anavyooshwa mtoto mchanga nyuma ya masikio. Akaisuuza, akaiinua kwenye mwanga, akaifuta kwa kanga safi. Alinisikia, akageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshikwa na aibu. "Ulisema vumbi," akaniambia. "Nimefikiri labda ni uchafu tu." Nilimwitikia kitu, sikumbuki nini. Niliingia chumbani, nikachukua pesa iliyokuwa kwenye soksi, nikatoka tena na viatu vyangu vya shule hadi kwa Matiko. Nilimkuta anakula. Nikamwambia, "Agiza ya CD." Akanitazama, akatafuna, akameza. "Kwa CD moja," akasema. "Kwa CD moja," nikasema. "Na usinihubirie."

Ilifika baada ya siku tisa, imeviringwa kwenye gazeti. Rangi yake ilikuwa ya kijivu na laptop yangu nyeusi, na mdomo wake wa mbele haukulingana, ikabidi Matiko aukwangue kwa tupa hadi ukaingia kwa upandeupande. Tangu siku hiyo laptop yangu ilionekana kama mtu aliyewekewa jino la mtu mwingine. Aliijaribu kwa CD ya kwaya aliyoitoa mvunguni mwa meza, ikacheza bila kusita. Alipunguza bei ya ufundi, wala sikuwa nimemwambia habari za mama yeyote. Tarime mji mdogo. Huenda kila mtu alijua.

Tuliiangalia Jumapili, baada ya Mama Gati kutoka kanisani. Hakubadilisha nguo. Alivaa gauni lake la bluu la ibada, akakaa kwenye kochi wima, mikono mapajani, viatu miguuni, kama mtu aliye ugenini. Nikaiweka laptop juu ya meza, nikafunga mlango wa mbele na komeo. Ile CD ikaingia. Ikazunguka kwa mlio mwembamba, ikatulia, na bibi kizee mwenye kilemba cheupe akajaa kioo chote. Mama Gati alitoa pumzi. "Amefungua," akasema.

Yalikuwa mambo marefu. Mahema, ng'ombe wakipitishwa, kwaya, wasemaji wenye karatasi, kila mmoja na maneno yake, na kamera ikipenda sana kumwangalia mtu mmoja aliyelala usingizi kwenye kiti. Mama Gati alinitajia watu kwa kidole: huyu ndiye Marwa, huyu ndiye wifi, yule amezeeka jamani. Akacheka hata. Mvua ikaanza. Wanaoishi chini ya bati lisilo na dari wanajua, mvua ya Tarime ikiamua hakuna mazungumzo. Tulikuwa tumefika kaburini, jeneza limeshashuka, mzee mmoja ameshika kipaza sauti na karatasi, na sisi hatusikii hata neno. Nikasimamisha picha. Tukakaa pale, mzee mdomo wazi, karatasi mkononi, nusu saa nzima, tukingoja mvua ipungue. Mama Gati alinyoosha gauni lake magotini. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Sikuwa nimewahi kumwombea mtu jina.

Mvua ilipokuwa matone, nikaruhusu. Sikujua Kikurya, lakini jina nilikuwa nimejifunza, na nilijua lazima liwe la kwanza. Mzee akakohoa, akasoma. "Marwa." Marwa akainama, akachota udongo. Sikuhitaji kusikia zaidi, na yeye vilevile, ila tulisikiliza wote. Nyangi. Robhi. Wambura. Wanne. Kisha mzee akakunja karatasi akaanza kuwaita wajukuu. Wifi alikuwa amesema kweli. Nilikaa pale nikitazama masepetu yakifukia, na nikajichukia mimi, na ile kijivu yangu ya Migori, na kiherehere changu. Mama Gati hakulia. Aliangalia mbele, kidevu juu, kama aliyepigwa kofi hadharani na hataki kulishika shavu. Majina ya walioshukuriwa yakaanza kupanda kwenye kioo, na muziki. Nikanyoosha mkono niitoe ile CD.

"Iache imalize," akasema. "Nimekuja msibani. Mtu haondoki katikati."

Kwa hiyo ni kwa adabu yake tu tuliona kilichofuata. Watu wote wanaoangalia CD za namna ile huzima kaburi likishafunikwa. Hakuna anayekaa hadi majina yaishe. Yakaisha. Kioo kikawa cheusi, nikadhani ndiyo basi. Halafu ikaja picha ndogo, ya mtetemo, ya kuchukuliwa na simu ya mtoto, na mle ndani bibi yuko hai. Amekaa uani kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua maharage, anayatenga mafungu mawili. Mtoto aliyeshika simu anamuuliza kitu kwa Kikurya, anacheka. Bibi hainui macho. Anajibu polepole, anaonyesha fungu dogo, la maharage mekundu, kwa kidole kilichopinda. Na ndani ya jibu lake nikalisikia: Bhoke. Nikalisikia tena: Bhoke. Halafu picha ikakatika.

Mama Gati alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Nilimuuliza amesema nini. Nikairudisha nyuma bila kuambiwa, tukaangalia tena, na tena, na mara ya nne ndipo akaanza kunitafsiria huku sauti inamkatika. "Mtoto anauliza, bibi, haya mekundu ya nani. Anasema, ya Bhoke. Bhoke hali mengine. Mtoto anasema, mbona haji. Anasema..." Akasimama, akatembea hadi kwenye mashine yake, akarudi. "Anasema, Bhoke amepasuliwa, msimsumbue. Akipona atakuja. Nisipokuwepo mpeni."

"Alijua," nikasema.

"Alijua niko hospitali. Mimi nilidhani alikufa akiniuliza." Akakaa chini, sakafuni, na lile gauni la kanisani, akalia kwa sauti yote, kilio cha msiba, kile cha mwaka mmoja uliopita ambacho alikuwa hajalia. Nami nikakaa sakafuni karibu naye nikalia vilevile, mimi niliyekuwa nataka tamthilia. Majirani wakabisha hodi kuuliza kuna nini. Nikawajibu kupitia dirishani kwamba kuna msiba. Wakauliza wa nani. Nikasema wa mama yetu, na sikujirekebisha.

Alipotulia alinawa uso, akaomba simu yangu kwa kuwa yake haikuwa na salio la ng'ambo. Akabonyeza namba kwa kichwa, bila kuitafuta popote. Sikuondoka, wala hakuniambia niondoke. Nilisikia upande wa pili mwanamume akiitika, mara moja, mara mbili, halo, halo, nani. Mama Gati hakumsalimu kaka yake. Hakumuuliza habari za karatasi, wala za majina, wala za mwaka mzima. Alisema sentensi moja fupi kwa Kikurya, yenye ukali wa dada mkubwa. Upande wa pili ukawa kimya kiasi kwamba niliinama kuangalia kama simu imekatika. Kisha Marwa akasema jambo, taratibu, akaendelea kulisema, na Mama Gati akawa anaitikia kwa kichwa kama kwamba anaonekana.

Alipokata simu nikamuuliza alimwambia nini.

"Nimemuuliza maharage yangu yako wapi."

"Akasemaje?"

Aliketi kwenye kochi, akavua viatu kwa mara ya kwanza siku ile, kimoja, kisha cha pili.

"Amesema yapo," akanijibu. "Wifi aliyatia majivu, yasibunguliwe."